Maziwa yaliyogoma kuganda

Jumamosi moja mwezi wa tano, saa moja asubuhi, jirani yangu alikuja kwangu na sufuria ndogo imefunikwa na sahani.

Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, lakini hakukaa. Akafunua ile sufuria. Ndani kulikuwa na maziwa, meupe, mepesi, yanacheza kama yametoka kukamuliwa saa hiyo hiyo.

"Mwanangu, haya ni yale ya Alhamisi. Nimeyatia kianzio kama siku zote, leo siku ya pili hayajaganda. Uliyaongeza maji?"

Sikumjibu. Nikaingia ndani nikatoka na laktomita na lile kopo langu refu, nikamimina yale maziwa, nikaiachia ile laktomita ielee. Ikatulia kwenye 29. Wenzangu mnaouza maziwa mnajua, ikisoma kati ya 26 na 32 maziwa hayana maji, maji yakiwepo inazama zaidi na namba inashuka. Nikamwonyesha, nikamwambia mama ona mwenyewe.

Akainama akaangalia. Macho yake hayawezi kusoma zile namba ndogo na mimi nalijua hilo. Akaangalia tu kwa heshima, akaniamini.

"Basi nisamehe mwanangu. Nimekudhania vibaya."

Nikamwambia hamna shida mama.

Akafunika sufuria yake akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama pale na kopo mkononi. Maji sikuwa nimetia hata tone. Laktomita ilisema kweli tupu. Ila sababu ya yale maziwa kugoma kuganda nilikuwa naijua toka alipofunua sahani, na nikanyamaza, na nikaacha yeye ndo aniombe msamaha.

## Matope

Mnaofuga huku mlimani, kwenye vihamba, haya mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, mnajua masika inavyokuwa. Mvua haikatiki, ukungu mpaka saa nne, majani yamelowa, banda linageuka tope hata ukitoa samadi mara mbili kwa siku. Kijana anayenisaidia alikuwa kwao kwenye msiba wiki mbili nzima, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na ng'ombe mmoja anayekamuliwa, ndama wake, mbuzi watatu, kuku, na watoto wa kupeleka shule.

Kuna kitu nilikuwa nakifanya miaka yote bila kukiwaza. Neema nikishamkamua ndo namwekea majani na vipande vya mgomba kwenye hori, ili asimame anakula. Sababu yake ni kwamba ng'ombe akishakamuliwa vitundu vya chuchu vinachukua muda kujifunga, kama nusu saa hivi, akilala kwenye uchafu ndani ya muda huo vijidudu vinapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiwele. Zile wiki mbili nikabadilisha, nikawa nampa kwanza ndo namkamua, ili atulie na mimi niwahi. Akawa anamaliza kula na mimi namaliza kukamua, analala pale pale kwenye tope.

Ijumaa jioni ya wiki iliyotangulia ile ya sufuria, akanipiga teke. Neema hapigi teke. Nikashika kiwele, robo ya nyuma kushoto ilikuwa ngumu kama embe bichi na ya moto. Nikakamua kidogo kwenye kikombe cheusi, yakatoka majimaji ya rangi ya chai yenye mabonge madogo madogo.

Bwana mifugo alikuja Jumamosi asubuhi na pikipiki, amelowa mpaka magotini. Akapima joto, 40.5. Akasukuma tyubu ya dawa kwenye ile chuchu, akampiga na sindano, akanionyesha namna ya kuendelea na tyubu, mwenyewe angerudi kwa sindano. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Halafu akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo:

"Mama, ukimaliza dawa Jumatatu, unahesabu siku saba. Maziwa yote unamwaga. Siyo ya chuchu hii tu, ya zote nne. Sindano inaingia kwenye damu, na maziwa yanatengenezwa kutoka kwenye damu. Ndama naye usimpe."

Nikamwambia nimeelewa daktari. Na kweli nilielewa.

## Kumwaga

Sijui kama kuna kazi ngumu kwa mfugaji kama kumwaga maziwa.

Neema alikuwa anatoa lita 12, ugonjwa ukamshusha mpaka 7. Hata hizo 7 unazikamua kwa mikono yako, maana usipomkamua atazidi kuumwa, unapasha maji, unaosha kiwele, unapaka mafuta, unakamua mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu unabeba ndoo unaenda nyuma ya banda unamimina chini ya migomba. Siku ya kwanza watoto walisimama mlangoni wanaangalia. Yule mdogo akaniuliza kama nimekasirika.

Nyumbani tulikuwa tunakunywa chai ya rangi, ndama anakunywa maziwa ya kununua kwa mtu mwingine. Lita 7 kwa bei ya 1,500 ni shilingi 10,500 kwa siku zinazoingia ardhini, na mashudu na pumba vinaendelea kuliwa vile vile, ng'ombe mgonjwa hapunguziwi chakula. Na Ijumaa ilikuwa marejesho ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Jumatano usiku sikulala vizuri, nilikuwa napiga hesabu.

## Chuchu tatu

Alhamisi alfajiri nilifanya hivi. Nilikamua chuchu ya nyuma kushoto kwenye kopo lake, nikamwaga. Nikanawa mikono kwa sabuni. Nikakamua zile tatu nzima kwenye ndoo safi, nikachuja kwa kitambaa safi, nikaonja. Tamu. Nyeupe. Hamna bonge hata moja. Kiwele kilikuwa kimelainika, joto limeshuka, Neema anacheua. Nikajiambia ugonjwa ulikuwa kwenye chuchu moja, hizi hazijawahi kuumwa. Nikajiambia halafu wote wanachemsha.

Siku ya tatu katika zile saba.

Nimeirudia ile asubuhi kichwani mara nyingi sana natafuta mahali ambapo nilikuwa sijui, ili nijitetee, na sipaoni. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndo maana tunasisitiza watu wachemshe, ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe vinapita kwenye maziwa mabichi. Lakini dawa siyo kijidudu, huwezi kuiua kwa moto, ukichemsha nyingi inabaki humo humo kwenye sufuria. Hilo nalifahamu miaka, nimeshawaeleza wengine.

Na kuganda kwa maziwa ni kazi ya vijidudu pia, vile vizuri vilivyoko kwenye kianzio. Dawa ya kuua vijidudu haiulizi hiki ni kizuri au kibaya. Kwa hiyo ile sufuria ya jirani ilikuwa imenipima mimi vizuri kuliko laktomita. Laktomita inaona maji tu, dawa haiioni.

Niliuza lita 5 asubuhi ile. Lita 4 kwa mama wa chai pale stendi, lita 1 kwa jirani.

Ijumaa nilishindwa, nikamwaga zote. Lakini hela ya Alhamisi ilikuwa imeshaingia kwenye kikoba.

## Huyu mama ni nani

Ingekuwa mtu mwingine labda ningesahau. Nasema labda.

Mama mkwe wangu alipata mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, miaka ya tisini kwa ule utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao wengi wenu mlikulia kwenye maziwa yake. Unapewa mtamba mwenye mimba, ndama jike wa kwanza unampeleka kwa familia nyingine, ndo deni lako limeisha. Ndama jike wa kwanza wa mama mkwe alivuka mpaka akaenda kwa huyu huyu jirani. Akamlea akawa ng'ombe, akasomesha watoto kwa maziwa yake. Alipougua mume wake wakauza ng'ombe, na mume hakupona.

Neema ni uzao wa yule mtamba. Kwa hiyo huyu mama ananunua kwangu, kwa hela, lita 1 kila siku, maziwa ya ukoo wa ng'ombe aliyewahi kulala kwenye banda lake mwenyewe. Nusu anamchemshia mjukuu wake ambaye hajafikisha miaka miwili, nusu anagandisha.

Na ndo mwenzangu wa kuku. Miaka mitatu iliyopita mdondo ulipita huku kwetu, nilikuwa na kuku 31, ndani ya wiki moja nikabaki na 8. Unaamka unakuta wengine shingo zimepinda, wengine wanaharisha kijani, huna la kufanya, mdondo ukishaingia hauna dawa. Chanjo ilikuwepo dukani siku zote, ya matone ya jicho, ila kichupa kimoja kina matone ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja na kikishachanganywa hakikai, kwa hiyo kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake. Baada ya lile janga huyu mama ndo alipita nyumba kwa nyumba akakusanya hela. Toka hapo kila miezi mitatu tunachanja, usiku kuku wakiwa wamepanda kulala, yeye anawashika, mimi nadondosha tone moja moja kwenye jicho, mwanaye anamulika tochi. Sijapoteza kuku kwa mdondo tena.

Mtu wa namna hiyo ndo nilimletea laktomita.

## Siku nzuri zilikuwepo

Sitaki mtu asome hapa adhani ilikuwa huzuni tupu, maana ufugaji haukupi muda wa kukaa na kitu kimoja.

Mwezi wa sita mbuzi alizaa mapacha, saa nane usiku, baridi ya kutetemesha meno, mmoja alitoka hapumui. Nikamfuta pua, nikamning'iniza kichwa chini nikamtikisa, nikamsugua mbavu kwa gunia kavu. Hakuna. Nikamsugua tena. Akapiga chafya. Jamani sijui niwaelezeje ile sauti, mwanangu mkubwa alikuwa ameshika taa akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Saa kumi na moja yule mbuzi mdogo alikuwa amesimama anatafuta chuchu, magoti yanagongana.

Neema akapona kabisa, akarudi mpaka lita 10. Ndama wake akaanza kula majani, anachagua, anataka yale laini ya katikati tu. Kijana akarudi. Bei ya mashudu ikapanda. Paka wa jirani akala vifaranga wanne. Mabua yakaanza kupandishwa kutoka tambarare kwa magari, nikapata ya kutosha kwa bei nzuri. Maisha yakaendelea kama yanavyoendelea.

Jirani naye aliendelea kuja na kidumu chake kila asubuhi.

Na kila akinikabidhi kile kidumu nilikuwa namuona ameinama pale kwenye kopo anaangalia namba asizoziona.

Wiki ya kwanza nilijiambia mtoto hajaumwa, yameisha. Ya pili nikajiambia nikimwambia sasa nitamtia hofu bure. Ya tatu nikasema nitamwambia siku ya chanjo, tukiwa wawili. Nikawaza pia jambo ambalo naona aibu kuliandika lakini ndo ukweli, niliwaza kwamba akijua atasema, na hapa kijijini maneno yakishatoka kuhusu maziwa yako hata ukiuza ya malaika hanunui mtu.

Mtoto hakuumwa, kweli. Ila bwana mifugo, nilipomuuliza kwa kuzunguka zunguka kama vile namuulizia mtu mwingine, alinieleza kwamba kuna watu miili yao inaikataa dawa hata ikiwa kidogo, wanavimba, na hata wasiovimba, hiki kidogo kidogo cha kila siku ndo kinavizoesha vijidudu, siku mtoto anaumwa kweli anapewa dawa haimsaidii. Akaniangalia. Hakuuliza mtu mwenyewe ni nani.

## Isale

Wiki ya tano, Jumapili baada ya ibada, nikaamua naenda.

Kati ya kihamba chetu na chake mpaka ni mstari wa masale, walipanda wazee. Wasio wa huku niwaambie tu kwamba isale kwetu Wachaga siyo mmea wa mpaka peke yake. Ukimkosea mtu ukaenda kwake na jani la isale umelishika mkononi, umekuja kuomba msamaha, na kwa mila anayeletewa isale hakatai. Hata kosa kubwa. Nimeona wazee waliokuwa hawasalimiani miaka wanakaa chini kwa sababu ya jani moja.

Nilifika pale nikasimama. Mkono ulikuwa umeshashika jani.

Nikawaza, nikifika na hili atanisamehe hata kama moyo wake hautaki, itabidi, mimi ndo nimempa ulazima. Mara ya kwanza nilimfunga mdomo kwa laktomita, leo nimfunge kwa isale. Mwanamke yule yule. Nikaliachia jani. Sijui kama nilifanya sawa, mama mkwe nilipomsimulia alisema nilipaswa kwenda nalo, kwamba kwenda mikono mitupu ni kama kumdharau. Mpaka sasa sina uhakika.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote. Ugonjwa, sindano, siku saba, chuchu tatu, kikoba. Sikulia, nilikuwa nimejiandaa nisilie ili asianze kunibembeleza.

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Na mtoto alikunywa."

Nikamwambia ndiyo mama.

Akakaa kimya muda mrefu, kuku wakawa wanadonoa maharage kwenye ungo na hawafukuzi. Halafu akasema, taratibu tu:

"Kumbe ukaenda ndani ukaniletea kile cha kupimia."

Hakusema kingine. Wala hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Nikamrudishia ile 1,500 nikaiweka kwenye kigoda, akaiacha pale.

Jumatatu nikaenda kwa mama wa chai. Yeye alinisikiliza huku anageuza chapati, akasema dada mbona wote wanauza, ungemwaga ungekula nini. Akaniuliza kesho naleta lita ngapi. Nilitoka pale najisikia vibaya kuliko nilivyotoka kwa jirani.

## Nguzo

Jirani hakuja Jumatatu. Hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilimuona kwa mbali anatoka dukani na maziwa ya pakiti, bei yake naijua, na mfuko wake naujua.

Katikati ya hapo nilifanya mabadiliko. Nikanunua daftari, kila sindano, kila tyubu, kila dawa ya minyoo inaandikwa, tarehe na siku ya kuruhusu maziwa. Na kwenye nguzo ya mbele ya banda, ile inayoonekana kutoka njiani, nikapigilia msumari. Ng'ombe akiwa kwenye dawa nafunga pale kitambaa chekundu na hakitoki mpaka siku ziishe. Nikawaambia wateja wote, na watoto, na kijana. Nikamwambia kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza. Kuna waliocheka. Wawili wamehama, wanasema kumbe ng'ombe wake anaumwa umwa.

Halafu ikafika miezi mitatu ya kuku.

Sikujua kama atakuja kukusanya hela. Alikuja. Alisimama nje, akasema wangapi, nikasema 26, nikampa hela, akaandika akaondoka. Jioni yake saa mbili akarudi na mwanaye na tochi. Tukaingia kwenye banda la kuku. Anashika, ananigeuzia kichwa, nadondosha tone, nasubiri jicho lipepese ndo nasema tayari, anaweka chini, anashika mwingine. Kuku 26 na hatukuongea neno zaidi ya "tayari". Yule jogoo mkubwa alimparua mkono, nikaleta maji na chumvi, nikamwosha pale kwenye mwanga wa tochi. Akaniachia mkono.

Wiki iliyopita, Jumatano, nilikuwa nakamua. Nikasikia hatua njiani, nikajua ni za nani bila kugeuka, anavuta kidogo mguu wa kulia. Zikasimama.

Nikachungulia kwa chini ya tumbo la Neema. Alikuwa amesimama mbele ya banda, kidumu mkononi, anaangalia ile nguzo. Aliiangalia sana, akasogea karibu, akapitisha kiganja pale kwenye msumari kuhakikisha hamna kitu.

Ndo akaniita, "Mwanangu, nipimie lita moja."